Kapita Yuko Wapi? Usawiri wa Msimamizi wa Zamani katika Picha za Sammy Baloji

Neno usawiri, ambalo sisi wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hulitumia kila tunapozungumzia wahusika, kwa asili yake ni neno la wachoraji. Kusawiri ni kuchora, ni kutia sura. Tumelihamisha likaingia katika riwaya na tamthiliya, likatulia huko, hata tukasahau lilikotoka. Picha zenyewe, za brashi na za kamera, tumewaachia wanahistoria na wauzaji wa sanaa. Matokeo yake ni kwamba kazi kubwa zinazotoka katika mji unaosema Kiswahili kutwa kucha kama Lubumbashi huhakikiwa Paris, Brussels na New York, kwa Kifaransa na Kiingereza, na mara nyingi bila mhakiki kujiuliza watu waliomo katika picha hizo walisemeshana kwa lugha gani.

Makala haya yanakusudia kuyaingia mazungumzo hayo kwa mlango mmoja tu. Yanamchunguza mhusika mmoja katika mfululizo wa picha wa Sammy Baloji uitwao Mémoire, yaani Kumbukumbu: msimamizi wa kazi wa zamani. Hoja yangu ni kwamba Baloji amefaulu sana kumsawiri msimamizi wa Kizungu, lakini mbinu ileile iliyompa ufanisi huo imemficha msimamizi wa pili, Mwafrika aliyesimama kati ya Mzungu na mfanyakazi, ambaye watu wa Katanga walimwita kapita. Kwa msomaji wa Kiswahili kufichwa huko si jambo dogo, kwa sababu kapita ndiye aliyekuwa mdomo wa kampuni, na mdomo huo ulisema lugha yetu.

Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na akasoma katika Chuo Kikuu cha mji huohuo. Alianza na michoro ya katuni kabla ya kushika kamera. Picha za Mémoire, alizozikamilisha mwaka 2006, ni picha mseto. Katika kila moja pana tabaka mbili. Tabaka la nyuma ni picha ya rangi aliyoipiga mwenyewe katika viwanda vya Gécamines vilivyochakaa: mabati yaliyooza, reli zisizo na mabehewa, mashine zilizokauka, anga pana lisilo na moshi. Tabaka la mbele ni watu wa rangi nyeusi na nyeupe, waliokatwa kutoka katika picha kuukuu za kampuni zilizohifadhiwa mjini na kupandikizwa juu ya magofu hayo. Ni wafanyakazi weusi na wakubwa wa Kibelgiji, wengine wamesimama, wengine wamekaa, wote wakitazama mbele kana kwamba wametokea ardhini. Mwaka 2007 mfululizo huo ulimpatia Baloji tuzo mbili katika maonyesho ya upigaji picha ya Bamako, na tangu hapo haukupumzika. Umetembea dunia kuliko mfanyakazi yeyote aliyemo ndani yake.

Ili tuzisome picha hizo sawasawa hapana budi kuikumbuka historia, ijapokuwa kwa ufupi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mji wa Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910 kando ya kiwanda cha kuyeyushia shaba, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikatoka tanurini. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, na kwa muda hata Ruanda-Urundi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliona kwamba kuajiri na kufukuza kila baada ya miezi michache kunaipa hasara, ikaanza kuwakalisha watu pamoja na wake zao katika kambi, ikawapa nyumba, posho, zahanati na shule. Mwanzoni mwa mwaka 1967 Serikali ya Mobutu iliitaifisha, na baadaye ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu, wakiwamo wengi waliokuwa na vyeo vya usimamizi. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Hayo ndiyo magofu aliyoyakuta Baloji.

Sasa tumtazame msimamizi wa Kizungu. Katika picha ya asili, ile ya kampuni, alikuwa na kila kitu cha kusimamia. Nyuma yake kulikuwa na dohani, tanuri, mabehewa, na watu waliopangwa mistari. Mavazi yake meupe yalisema kwamba yeye hashiki makaa wala mawe. Kusimama kwake kulikuwa kitendo, maana kulisababisha wengine wainame. Baloji anapomkata na kumpandikiza mbele ya kiwanda kilichokufa, hagusi uso wake, hamchafui nguo, hamfanyii dhihaka yoyote. Anamwondolea mandhari tu. Kwa kuondolewa mandhari, bwana yule anabaki na mkao wa mamlaka pasipo mamlaka. Lugha yetu inaliona jambo hili kwa wepesi kuliko Kifaransa: msimamizi ni yule anayesimamia, na kitenzi hicho kikinyang'anywa kitu chake, kinachobaki ni kusimama. Katika Mémoire msimamizi amebaki kusimama tu.

Hapa ndipo ninapoona ubora wa Baloji. Msanii mwingine angetafuta uzamani wa mtu huyo katika mikunjo ya uso au katika mvi. Baloji ameuweka mgongoni pake. Mtu mwenyewe hajazeeka hata siku moja. Kilichozeeka ni kile anachodhani kiko nyuma yake. Hadhira inakiona, yeye hakioni, na pengo hilo kati ya kujua kwetu na kutojua kwake ni kejeli ya aina ambayo watazamaji wa tamthiliya wanaifahamu vizuri.

Aidha, kuna suala la upande wa kamera. Mpiga picha wa kwanza, yule wa kampuni, alisimama upande wa msimamizi hata pale alipomwelekezea kamera. Picha ile ilikuwa ya nyumbani kwao. Msimamizi aliitazama lenzi kama mtu anayetazama kioo chake, na mfanyakazi aliitazama kwa sababu aliamriwa aitazame. Mitazamo miwili ya asili tofauti kabisa ilihifadhiwa katika jalada moja. Baloji amewaweka wote wawili mbele ya mtazamaji mpya, mtoto wa mji ule, ambaye kampuni haikumtarajia. Ni kana kwamba kesi imefunguliwa upya na mashahidi wote wameletwa, wa mshtaki na wa mshtakiwa, ila jengo la mahakama limeezuliwa paa.

Wahakiki wa ng'ambo wamelisifu jambo hili, na wana haki. Lakini wengi huishia katika usomaji wa pande mbili: huku mkoloni, kule mtumwa wake, huku ushindi, kule uharibifu. Usomaji huo hauwatoshi watu wa Lubumbashi. Kitabu kilichotolewa New York mwaka 2010 kuhusu picha hizi, alichokiandika mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, kiliitwa The Beautiful Time, na jina hilo linagusa jambo ambalo mgeni hulisikia kwa mshangao: wazee wengi wa kambi za Gécamines huukumbuka wakati wa kampuni kuwa wakati mzuri. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 kichwa kinachosema kwamba wana wa Shaba wameachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Mwaka 2003, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondolewa kazini kwa mkupuo, kwa utaratibu ulioitwa wa hiari. Mtu aliyekuwa akipokea unga kwa magunia, akatibiwa bure yeye na wanawe, ghafla anajikuta mlangoni na bahasha moja ya fedha. Mtu huyo akimtazama bwana wa mavazi meupe katika picha ya Baloji, je, anamwona mkandamizaji wake au anamwona baba aliyemkimbia? Nadhani anawaona wote wawili kwa jicho moja, na huo si udhaifu wa fikra. Fimbo na posho vilitoka mkono mmoja.

Lakini mkono huo, kwa kweli, haukuwa mmoja. Nafika sasa katika shutuma yangu.

Mzungu wa mgodini hakuwa na uwezo wa kusimama juu ya kila koleo. Kati yake na mchimbaji palikuwa na mtu wa tatu. Katika misafara ya karne ya kumi na tisa, Wanyamwezi walimwita kiongozi wa wapagazi nyampara, na neno hilo likaingia Kiswahili likawa mnyapara. Likafuata watu hadi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na huko likapata uchungu ambao bado halijautema. Katika Kongo lililoenea zaidi ni kapita, neno ambalo yaelekea lilitokana na Kireno. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asidhani kwamba ni cheo cha nahodha wa timu ya mpira. Kapita alikuwa Mwafrika aliyepewa kundi la Waafrika wenzake. Aliwahesabu asubuhi, aliwagawia kazi, aliwasemea mbele ya Mzungu na akamsemea Mzungu mbele yao. Wakati mwingine alitoka katika kabila la wale aliowasimamia, na wakati mwingine hakutoka humo kwa makusudi.

Kazi hiyo ilifanywa kwa Kiswahili. Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power cha mwaka 1986, ameonyesha jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyokua pamoja na mahitaji ya utawala na ajira. Sisi tunaojivunia Kiswahili kuwa lugha ya ukombozi, na tuna sababu ya kujivunia, tungefaa kukubali pia kwamba katika Elisabethville kilikuwa lugha ya zamu, ya hesabu ya vichwa na ya karipio. Aliyekitoa kinywani kila siku ni kapita. Basi tunapomtafuta katika picha hatutafuti mhusika mdogo tu. Tunatafuta sura ya mtu aliyeichukua lugha yetu na kuipeleka mahali ambapo historia zetu za lugha hupapita haraka.

Wachoraji wa mji ule walimwona mapema. Katika miaka ya 1970 palienea Lubumbashi aina ya mchoro ulioitwa Colonie belge, uliotundikwa katika vyumba vya kupokelea wageni vya watu wa kawaida. Mpangilio wake unajulikana: uani mwa gereza mfungwa amelazwa chini, askari mweusi ameinua kiboko, ofisa wa Kibelgiji amesimama kando akitazama, na mara nyingi bendera inapepea juu yao. Tshibumba Kanda Matulu, ambaye alisimulia historia ya nchi nzima kwa michoro 101 na kuieleza kwa Kiswahili mbele ya Fabian, aliuchora mpangilio huo. Nguvu yake imo katika hesabu: watu ni watatu. Ukimwondoa askari, mchoro unasambaratika, maana Mbelgiji hapigi na mfungwa hajipigi. Mwenye nyumba aliyeutundika ukutani alikula chakula chake cha jioni akimtazama mtu mweusi akimchapa mtu mweusi. Hakuhitaji mhakiki amwambie kwamba ukoloni ulikuwa na mikono ya kuazima.

Askari wa gereza si kapita wa mgodi, nakubali. Lakini nafasi yao ni moja, na nafasi hiyo ilikuwa na milango miwili. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa katika mgomo wa kudai mishahara walipigwa risasi na askari katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, wakafa makumi ya watu. Tshibumba aliyachora pia mauaji ya wafanyakazi wa kampuni hiyo. Aliyewasemea wagomaji siku ile, Léonard Mpoyi, naye akauawa, alikuwa karani: mtu wa kati, mtu wa kalamu na wa lugha mbili. Kampuni ilihitaji watu wa namna yake ili amri zishuke. Siku ile mtu wa namna yake alipandisha madai. Mhusika wa kati, basi, hakuwa kibaraka tu. Alikuwa mahali ambapo mambo yangeweza kugeuka, na riwaya yoyote ya Katanga itakayoandikwa kwa Kiswahili ikimsahau itakuwa imepoteza mhusika wake mkuu.

Turudi kwenye Mémoire. Je, kapita hayumo? Siwezi kusema hayumo. Yamkini yumo, katika picha zaidi ya moja. Tatizo ni kwamba hatambuliki, na sababu yake ni mkasi. Kapita hajulikani kwa uso. Uso wake ni wa mtu yeyote aliyetoka Kasai au Maniema. Hajulikani hata kwa nguo peke yake, kwa sababu koti kuukuu la Mzungu liliweza kuvaliwa na mpishi, karani au mtu aliyelinunua sokoni. Kapita hujulikana kwa mahali aliposimama: hatua ngapi kutoka kwa bwana, hatua ngapi kutoka kwa kundi, amempa nani mgongo. Picha ya kampuni, pamoja na ubaya wake wote, iliuhifadhi umbali huo bila kukusudia. Mtu akitengwa na wenzake na kupandikizwa juu ya mandhari mapya, umbali ule unapotea. Anayebaki ni mweusi mbele ya magofu, naye anahesabiwa moja kwa moja kuwa mmoja wa waliosimamiwa.

Jambo hili linazidishwa na majina. Picha za Mémoire hazina vichwa. Zimepewa namba tu. Najua kwamba hii ni desturi ya majumba ya sanaa, na najua pia kwamba nyaraka za kampuni zilikuwa na ukarimu wa majina kwa wakurugenzi kuliko kwa wachimbaji. Hata hivyo namba juu ya namba inanikera. Kampuni iliwapa watu hawa namba kwa sababu ilitaka kuwahesabu. Msanii anayetaka kuwafufua angekuwa na sababu gani ya kuzirithi hesabu hizo? Huenda atajibu kwamba kutokuwepo kwa jina ndiko kunakouma, na kwamba kubuni jina kungekuwa uongo. Jibu hilo lina uzito. Lakini kati ya jina la kubuni na namba tupu pana kitu cha tatu, yaani kazi: mahali, mwaka, na cheo kikijulikana. Neno moja, kapita, chini ya mtu mmoja katika picha moja, lingebadili namna tunavyozisoma picha zote zilizobaki.

Si kwamba kamera haiwezi kumsawiri mtu wa kati. Kusini ya Katanga, katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, David Goldblatt alimpiga picha mwaka 1966 msimamizi Mwafrika wa mgodi wa Randfontein Estates, na picha hiyo ikaingia katika kitabu chake On the Mines cha mwaka 1973. Waajiri walimwita mtu wa cheo hicho kijana wa bosi, hata awe na wajukuu. Goldblatt hakumwonyesha uso. Alisogea karibu akapiga kiwiliwili na vifaa vilivyoning'inia juu yake, alama za cheo na za kazi. Msomaji anaweza kulalamika kwamba huku nako ni kumkata mtu. Ni kweli, lakini mkato wa Goldblatt umeacha kile ambacho mkato wa Baloji umeondoa. Hatujui mtu yule ni nani. Tunajua kwa uhakika alikuwa nani kazini, alibeba nini, na alidaiwa nini na wa juu na wa chini yake. Unyonge na fahari vimening'inia katika mkanda mmoja.

Ni haki pia kusema kwamba Baloji hakuishia katika Mémoire. Katika filamu fupi ya jina hilohilo, mcheza dansi Faustin Linyekula anatembeza mwili wake katika magofu yaleyale huku sauti za hotuba za kisiasa zikisikika. Hapo kimya kinavunjika, ijapokuwa wanaosikika ni wakubwa wa nchi wala si wakubwa wa kazi. Katika Congo Far West, maonyesho aliyoyafanya na mwandishi Patrick Mudekereza katika jumba la makumbusho la Tervuren mwaka 2011, alirudia njia ya msafara wa Charles Lemaire wa mwisho wa karne ya kumi na tisa. Msafara huandamana na wanyapara, na msafara huo ulikuwa na mchoraji na mpiga picha wake.

Kazi inayonivutia zaidi kwa hoja hii, hata hivyo, ni Essay on Urban Planning ya mwaka 2013, ambayo haina mtu hata mmoja. Baloji amepanga picha za Lubumbashi zilizopigwa kutoka angani, zikionyesha ukanda mtupu uliotenga mtaa wa Wazungu na makazi ya Waafrika, akazichanganya na picha za visanduku vya wadudu vya jumba la makumbusho la mji. Chanzo chake ni picha ya kikoloni inayohusu amri iliyowataka wafanyakazi walete nzi hamsini kila mmoja ndipo wapewe posho ya siku, kwa sababu nzi na mbu walihesabiwa kuwa adui wa afya ya Wazungu. Wahakiki wameandika mengi kuhusu ukanda na ubaguzi. Mimi nimejiuliza swali la kijinga: nani aliyehesabu nzi? Sidhani kwamba mhandisi kutoka Liège aliinama asubuhi juu ya viganja vya wachimbaji akihesabu moja, mbili, tatu mpaka hamsini. Palikuwa na mtu wa kuhesabu. Alihesabu kwa Kiswahili, na yamkini kuna siku alifumba jicho zikiwa arobaini na tatu, na siku nyingine akamrudisha mtu kwa sababu ya nzi mmoja. Katika kazi ile isiyo na watu, namwona kapita waziwazi kuliko ninavyomwona katika Mémoire. Msanii ameacha nafasi yake tupu, na nafasi tupu yenye umbo ni usawiri.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika kwa Kiswahili cha mji wake, kwa niaba ya watumishi wenzake wa zamani, historia fupi ya Elisabethville aliyoiita Vocabulaire. Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990. Kiswahili chake si kile cha vitabu vyetu vya sarufi, na mwalimu mkali angeujaza ukurasa wake wino mwekundu. Lakini ndani yake wakubwa wa kazi wana majina, yale ambayo watumishi na wafanyakazi waliwabandika. Anayesimulia si Mzungu wala mchimbaji, bali mtu aliyekaa kati yao, aliyepika chakula cha mmoja na kulala jirani na mwingine. Ni sauti ya mtu wa tatu. Ningependa kuona siku moja maneno ya aina hiyo yakiwekwa kando ya picha za Mémoire: si kuwa mapambo wala ushahidi wa kisheria, bali kama mtu anayemnong'oneza mwenzake jina la yule aliyesimama wa pili kutoka kushoto.

Uwezo upo. Baloji na Mudekereza ni miongoni mwa walioanzisha Lubumbashi kituo cha sanaa kilichopewa jina la Kiswahili, Picha, ambacho tangu mwaka 2008 kimeandaa maonyesho yanayojulikana sasa kuwa Biennale ya Lubumbashi. Wastaafu wa Gécamines waliofanya kazi chini ya makapita, na wengine waliopanda wakawa wasimamizi baada ya mwaka 1967, bado wamo katika mji uleule, kwa mwendo wa miguu au wa basi kutoka katika kuta zinapotundikwa picha. Wakipelekwa mbele ya picha ya asili, ile ya kampuni kabla haijakatwa, wataweza kusoma umbali kati ya mtu na mtu kama sisi tunavyosoma mizani ya shairi. Watasema: huyu anasimamia, huyu anajifanya kusimamia, huyu ameitwa tu apate kuonekana katika picha.